YESU YUKO WAPI SIKU YA JUMATATU?



Karatasi hii umepewa na mtu usiyemjua. Labda ulikuwa unapita tu uwanjani, ukasikia spika zinaunguruma na kwaya inaimba, ukasimama pembeni, mikono mfukoni, uone kuna nini. Labda umeletwa na rafiki aliyekusumbua wiki nzima. Au uliipokea kwa kuona aibu kukataa, na sasa umekaa nayo kijiweni unaisoma kwa sababu hakuna kitu kingine cha kusoma. Sawa tu. Usiitupe kwanza. Sikuulizi dini yako wala dhehebu la wazazi wako. Nina swali moja tu.

Jumapili jioni mkutano huu utafungwa. Vijana wetu watapanda jukwaani, watafungua nati, watashusha spika na jenereta na kupakia kwenye lori. Jumatatu asubuhi uwanja utakuwa uwanja tena, watoto wanacheza chandimu, mbuzi wanakula maganda ya machungwa. Na wewe utaamka, saa kumi na moja alfajiri kama una kazi, saa nne kama huna. Utakwenda kituoni, gengeni, gereji, au utakaa tu barazani ukihesabu magari yanayopita. Je, huyo Yesu tuliyemhubiri kwa sauti kubwa namna hii atakuwa amepakiwa kwenye lori pamoja na spika?

Vijana wengi wanaamini hivyo, hata kama hawasemi. Wanadhani Mungu ana siku yake na mahali pake. Yuko kanisani, yuko kwenye mkutano, yuko msibani mchungaji anaposhika kipaza sauti. Lakini kwenye foleni ya maji? Kwenye karai la zege? Kwenye chumba cha kupanga chenye godoro moja na watu watatu? Huko, wanasema, kila mtu na lwake. Na kwa sababu maisha yao karibu yote yako huko, wanaamua kwamba Mungu hawahusu.

Hebu tufungue Biblia tuone kama ni kweli. Kama huna Biblia, azima kwa jirani. Usikubali maneno yangu bure, soma mwenyewe.

FUNDI WA NAZARETI

Anza na Luka sura ya 2 na ya 3. Yesu akiwa na miaka 12 alipandishwa Yerusalemu kwenye sikukuu, akaonekana Hekaluni akiulizana maswali na walimu wakubwa. Ungedhani baada ya hapo angebaki mjini awe mtu mkubwa. Hapana. Alirudi Nazareti na wazazi wake, akawatii. Halafu Biblia inanyamaza. Tunamwona tena akiwa na umri wa kama miaka 30 (Luka 3:23).

Piga hesabu. Ni miaka kama 18. Alikuwa anafanya nini? Marko 6:3 inatujibu, na wanaotupa jibu ni watu waliokuwa wanamdharau. Alipoanza kufundisha, watu wa kwao walichukizwa kwa sababu walimjua kuwa ni seremala. Walimjua mama yake, waliwajua ndugu zake wanne kwa majina, walijua na dada zake. Walikuwa wanataka kusema, huyu si ndiye aliyetutengenezea mlango juzi? Leo anatufundisha nini?

Nazareti kilikuwa kijiji kidogo tu cha Galilaya. Nathanaeli, mtu ambaye baadaye akawa mwanafunzi, alipolisikia jina la kijiji hicho alikidharau waziwazi (Yohana 1:46). Basi Mwana wa Mungu alikaa humo miaka yote hiyo, anapiga randa, anapima, anakosea kipimo cha mteja mgumu, anangoja malipo. Mimi naamini alikuwa na sugu mikononi. Mbao ni mbao.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi hawajawahi kuambiwa. Siku alipobatizwa, mbingu zilifunguka na Baba akasema kwamba anapendezwa na Mwanawe (Luka 3:22). Hiyo ilikuwa kabla ya mkutano wa kwanza, kabla ya kumponya kipofu hata mmoja. Yohana 2:11 inasema ishara ya kwanza ilikuwa kule Kana, na hiyo ilikuja baadaye. Kwa hiyo Baba alipendezwa naye kwa lipi, kwa upande wa matendo? Alikuwa hajafanya lingine ambalo watu waliliona zaidi ya kazi, kumtunza mama yake, na kwenda sinagogi siku ya Sabato kama alivyozoea.

Wewe unayefyatua tofali, wewe unayesuka nywele za watu kuanzia asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi, umekuwa ukijiambia kwamba Mungu ataanza kukutazama siku utakapokuwa mtu wa maana. Tazama pale Nazareti. Huyo unayeambiwa habari zake aliwahi kuvaa nguo za kazi.

USIKU WA NYAVU TUPU

Luka sura ya 5. Hii naipenda kuliko zote, pengine kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kurudi nyumbani sina kitu.

Ziwa la Galilaya, ambalo hapo linaitwa Genesareti, si kubwa. Urefu wake ni kama kilomita 21 na upana kama 13 pale lilipo pana zaidi. Ukiwa mtu wa Mwanza au Musoma utacheka, maana ndani ya Ziwa Victoria ungeweza kuingiza mamia ya maziwa ya ukubwa huo. Lakini watu walikuwa wanaishi kwa samaki wa ziwa hilo. Mwaka 1986 ukame ulishusha maji yake, na ndugu wawili wavuvi wakaona ubavu wa mashua ya zamani umetokeza matopeni. Wataalamu waliichimbua, wakakuta ni ya nyakati zile zile za Yesu. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Sisemi Yesu aliipanda hiyo. Ninachotaka uone ni mbao zake. Imetengenezwa kwa mbao za aina nyingi tofauti, nyingine zimetolewa kwenye mashua kuukuu, na imetiwa viraka mara nyingi mpaka basi. Ni mashua ya mtu asiye na pesa ya kununua mbao mpya. Unaifahamu hali hiyo, si ndiyo? Ni kama baiskeli yenye fremu ya huyu na gurudumu la yule.

Basi Simoni Petro alikuwa mtu wa mashua ya namna hiyo. Usiku kucha ametupa nyavu, hakupata hata dagaa. Asubuhi anaosha nyavu. Anayejua uvuvi anajua kwamba nyavu huoshwa hata kama hazikupata kitu, maana usipoosha zinaoza. Kwa hiyo kazi ni ile ile, uchovu ule ule, ila mfukoni hakuna kitu na nyumbani kuna watu.

Hapo hapo ndipo Yesu alipomkuta. Hakusubiri siku ya Sabato amkute amevaa vizuri. Akaingia kwenye mashua yake, ile ile iliyoshindwa usiku, akaomba isogezwe kidogo kutoka ufukweni, akaifanya jukwaa. Akawafundisha watu akiwa ameketi humo. Unaona eeh? Mkutano wa injili ulifanyika ndani ya kitendea kazi cha mtu aliyekuwa na hasara.

Baadaye akamwambia aende kilindini ashushe nyavu. Petro alikuwa mtaalamu, na Yesu alikuwa seremala. Mvuvi kuelekezwa na seremala mahali pa kutupa nyavu, tena mchana! Lakini alikubali kwa sababu ya neno la huyo aliyesema. Nyavu zikajaa mpaka zikaanza kukatika, wakaita wenzao wa mashua ya pili.

Na Petro hakushangilia samaki. Alianguka magotini akamwomba Yesu aondoke, kwa sababu yeye ni mtu mwenye dhambi (Luka 5:8). Kwa nini? Hakuna aliyemshitaki, wala Yesu hakutaja dhambi zake hata moja. Ni kwamba Mungu alipoingia ndani ya kazi yake, aliyaona maisha yake yote kwa mara moja. Ukikutana na Bwana kanisani unaweza kujificha nyuma ya wimbo. Akikukuta kwenye mashua yako mwenyewe, utajificha wapi? Anazijua nyavu, anakijua kipimo, anajua na uzito wa mizani yako.

Yesu hakuondoka. Alimwambia asiogope.

SAA SITA MCHANA

Nitapita hapa kwa haraka, lakini dada zangu wasome Yohana 4 yote. Mwanamke Msamaria alikwenda kisimani kuteka maji saa sita. Wayahudi walihesabu saa za mchana kama sisi Waswahili, kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo saa sita yao ndiyo saa sita yetu, jua la utosini. Akina mama huteka maji asubuhi au jioni. Mtu anayechagua saa ya jua kali mara nyingi ana jambo la kukwepa, na wahubiri wengi tunaamini alikuwa anayakwepa maneno ya wenzake, maana alikuwa ameolewa mara tano na sasa anaishi na mwanamume asiye mumewe.

Yesu alikuwa amekaa pale kwa kuchoka. Alichoka kweli, miguu ilimuuma kama yako. Akaanza kwa kumwomba maji ya kunywa. Hakuanza na wale waume watano. Alifika huko baadaye, na alipofika alisema ukweli wote bila kuficha, lakini kwanza alimpa heshima ya kumwomba msaada. Kuna watu wa kanisani wangeanza upande wa pili. Kama wewe uliwahi kuanziwa upande wa pili, ukatoka kanisani ukilia na ukaapa hurudi tena, nakuomba radhi kwa ajili yetu. Lakini usimchanganye Yesu na sisi.

Mwanamke yule aliuacha mtungi wake kisimani akakimbilia mjini kuwaambia watu. Watu wale wale aliokuwa anawakwepa.

JUMATATU YANGU

Sasa nikwambie habari zangu, maana naona nimekutajia sana za watu wa zamani.

Mwaka 1996 nilikuwa konda wa kipanya, Mbagala kwenda Kariakoo. Wenye umri wangu wanavikumbuka vile vipanya. Abiria wamekunjwa kama khanga sandukuni, konda ananing'inia mlangoni. Kazi yetu mimi na dereva ilikuwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Na tulikuwa wezi. Sisemi kwa mafumbo. Wiki moja gari limepata pancha mbili, wiki nyingine limekamatwa na trafiki, kumbe hakuna pancha wala trafiki. Risiti ya fundi niliipata kwa fundi mwenyewe kwa soda moja. Chenji ya abiria nilikuwa nairudisha mwishoni kabisa, nikitumaini atashuka amesahau. Na wanafunzi, kwa kuwa walikuwa wanalipa nauli ndogo, nilikuwa nawasukuma kwa kiwiko. Mtoto wa darasa la tatu, begi mgongoni, namsukuma.

Jumapili moja jioni nikasimama uwanjani kama wewe, mikono mfukoni. Sikumbuki sana mahubiri. Nakumbuka mhubiri alisema kuna kijana hapa amechoka kujidanganya, nikahisi kama ameniita kwa jina. Nikapita mbele. Nikalia. Nikaombewa. Nikarudi geto nimejaa furaha, nikalala kama mtoto.

Halafu ikaja Jumatatu.

Saa kumi na nusu alfajiri dereva anapiga honi nje. Nikapanda. Kituo cha kwanza, wanafunzi wako sita wamejikunyata kwenye baridi. Mkono wangu uliinuka wenyewe kuwazuia, kwa mazoea, na hapo nikasikia kitu ndani. Si sauti kubwa. Ni kama mtu aliyekushika bega. Nikasema moyoni, "Bwana, hata hapa?" Nikawaambia watoto wapande, wote sita. Dereva akageuka akaniuliza, "Wewe leo umelewa nini?"

Nitakuwa mkweli kwako. Sikuona nuru. Nilichoona ni sarafu chache kuliko siku nyingine na dereva aliyekasirika mpaka jioni. Lakini nilijua kwa hakika kabisa kwamba yule aliyenigusa uwanjani hakubaki uwanjani. Alikuwa mle ndani ya kipanya, amebanwa kati ya abiria kama mtu mwingine yeyote.

Nikasoma habari za Zakayo katika Luka 19, mtoza ushuru aliyesimama nyumbani kwake mbele ya Yesu akaahidi kurudisha mara nne kila alichomdhulumu mtu. Kuna mzee mmoja wa kanisa akanieleza pia habari za uamsho ulioanza kule Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwenye hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu Tanganyika. Alisema watu waliookoka katika uamsho ule walijulikana kwa kitu kimoja cha ajabu, kwamba walirudisha vitu. Mtu anatembea safari ya siku nzima kurudisha jembe aliloiba. Nikapiga hesabu yangu kwenye karatasi ya daftari. Kwa kukadiria nilikuwa nimemla tajiri wetu shilingi 38,000. Mfukoni nilikuwa na 11,500.

Nikaenda kwake. Nilitetemeka, bwana wee, nikataka kugeuka mara tatu njiani. Nikamweleza yote, sehemu yangu tu, sikumtaja dereva. Mzee alinisikiliza kimya, akazihesabu zile pesa mara mbili, akasema, "Kesho usije kazini."

Wapo watakaokwambia ukiokoka Jumapili basi Jumatano utapata gari. Mimi Jumatano sikuwa hata na kazi. Nilianza kubeba magunia ya viazi sokoni Kariakoo. Kijiweni walinicheka, wakanipa jina la "Mchungaji Pancha". Na usiku mwingine nililala njaa nikimuuliza Mungu kama ndivyo anavyolipa watu wake.

Lakini kuna jambo lilitokea chini ya yale magunia na sijawahi kulisahau. Nilikuta ninaongea na Mungu. Si kwa maneno ya kanisani. "Bwana, hili zito." "Bwana, yule mama amenilipa pungufu, nisaidie nisimtukane." "Bwana, asante, leo kuna chai na maandazi." Kutoka lori mpaka ghalani, kutoka ghalani mpaka lori. Nilikuwa sijawahi kuomba dakika mbili mfululizo maishani mwangu, na sasa naomba siku nzima bila kujijua. Mwanzoni nilidhani tumaini ni kujua kwamba kesho kutakuwa na pesa. Kumbe unaweza usijue lolote kuhusu kesho na bado ukaamka bila ule uzito kifuani, kwa sababu kuna aliye pamoja nawe na huna tena cha kumficha.

Deni lile nilimaliza baada ya miezi saba. Siku ya mwisho mzee alizihesabu tena pesa mara mbili, kama kawaida yake, kisha akaingia ndani akaniletea glasi ya maji. Hakunirudisha kazini. Maji tu. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, lakini maji yale bado nayakumbuka.

MOTO WA MAKAA

Rudi kwa Petro. Unajua alimkana Yesu. Fungua Yohana 18:18 uone alikuwa wapi wakati huo. Usiku wa baridi, watumwa na walinzi wamewasha moto wa makaa, Petro naye anaota pamoja nao. Usiku ule ule alisema mara tatu kwamba hamjui Yesu.

Sasa ruka mpaka Yohana 21. Yesu amesulubiwa, amekufa, amezikwa, na siku ya tatu amefufuka. Ungetegemea nini baada ya hapo? Mimi ningetegemea aitishe mkutano mkubwa Yerusalemu, Pilato akae mstari wa mbele. Lakini Petro alikuwa amerudi ziwani kuvua pamoja na wenzake sita, na usiku ule nao hawakupata kitu. Asubuhi mtu amesimama ufukweni. Anawaelekeza watupe wavu upande wa kuume wa mashua. Samaki 153, Yohana alitaja mpaka idadi, huo ndio uvuvi, lazima uhesabu. Na waliposhuka walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate (Yohana 21:9).

Aliyeshinda mauti amechuchumaa ufukweni anawachomea vijana wake samaki wa kifungua kinywa.

Katika Injili yote ya Yohana, moto wa makaa unatajwa sehemu hizo mbili tu. Wewe umekulia na jiko la mkaa, unajua harufu yake inavyokamata nguo. Petro alipoisikia harufu ile asubuhi ile, unadhani alikumbuka nini? Na Yesu hakumkimbiza mbali na kumbukumbu hiyo. Alimkalisha pale pale karibu na makaa, akampa chakula kwanza, ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda. Alikana mara tatu, akaulizwa mara tatu. Kisha akampa kazi.

Nakuandikia haya kwa sababu najua kuna mahali usipotaka kupita tena. Kuna chumba, kuna kona ya mtaa, kuna jina la mtu ambalo likitajwa unageuza mazungumzo. Ulifeli kidato cha nne na baba hajawahi kukuangalia vile vile tena. Ulibeba mimba, aliyekupa akahama mji. Ulimpiga mtu. Ulimwibia mama yako pesa ya dawa. Labda mikono yako haina kosa lolote, ila umezika, na tangu siku ile huoni sababu ya kuamka. Unadhani kumpata Mungu ni lazima ukimbie mbali na hapo mahali. Yesu amekwisha kufika hapo. Amewasha moto.

SASA WEWE

Kuna wengine watasema, "Nitaokoka nikishatulia." Nikiacha bangi kwanza. Nikishaoa. Nikipata nguo za kanisani. Rafiki yangu, Petro hakuambiwa apate samaki kwanza ndipo Yesu apande mashuani. Mathayo aliitwa akiwa ameketi forodhani, mbele yake pesa za watu (Mathayo 9:9). Ukingoja kuwa safi ndipo uende bafuni, utangoja sana.

Lakini sitakudanganya pia kwamba ni jambo jepesi. Yesu aliyekuja mashuani alimfanya Petro aiache mashua. Dhambi inabidi iitwe dhambi. Alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zetu, si kwa ajili ya bahati mbaya yetu, na alifufuka ili atupe uzima mpya, si kutubariki tuendelee na wizi ule ule. Ukimkaribisha leo, kesho atakuwa na la kusema kuhusu mizani yako, kuhusu ule ujumbe unaoufuta mkeo asiuone, kuhusu chenji. Nami nakushauri umkubali hivyo hivyo. Anapogusa, anagusa kwa mkono wa fundi anayejua anachotengeneza.

Warumi 10:9 inataja vitu viwili tu, kinywa na moyo. Vyote unavyo. Huhitaji kuwa uwanjani. Kama uko kwenye daladala sema kimoyomoyo. Kama uko jikoni, funika sufuria, kaa kidogo. Sema kwa maneno yako mwenyewe, au kama maneno yamekupotea, sema hivi:

Bwana Yesu, mimi ni (taja jina lako). Unajua ninapoishi na ninachofanya. Nimekosa mbele zako na nimewakosea watu. Leo sitaki kujificha tena. Naamini ulikufa kwa ajili yangu, naamini ulifufuka, uko hai sasa. Nisamehe. Ingia katika maisha yangu yote, katika kazi yangu au kukosa kwangu kazi, katika nyumba yetu, katika mfuko wangu. Uwe Bwana wangu kuanzia leo. Nijaze Roho wako Mtakatifu, maana kwa nguvu zangu kesho sitaweza. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa kumaanisha, amesikia. Unaweza usihisi chochote. Mimi nililia sana, lakini namjua ndugu aliyeomba sala kama hii huku anachambua maharage, akaendelea kuchambua, na leo ni mzee wa kanisa.

Sasa la kufanya. Kabla hujalala leo, mwambie mtu mmoja. Kesho, kwenye kitu cha kwanza utakachoshika mkononi, iwe ndoo, usukani au kalamu, mwambie Bwana asubuhi njema kabla hujakinyanyua. Kama kuna kitu cha mtu ulicho nacho, anza kufikiria njia ya kwenda kwake. Usiende peke yako kama unaogopa, mwombe mkristo aliyekomaa akusindikize. Tafuta kanisa lililo karibu na unapoishi, ambalo wanafundisha Biblia na wanajua majina ya watu wao. Na anza kusoma Injili ya Marko. Ina sura 16, sura moja kila siku, unaweza kuisoma kituoni ukisubiri gari. Kama huna Biblia, rudi kwa yule aliyekupa karatasi hii kabla hawajapakia lori, umwambie unataka moja.